Roli ya Sidab na Jina Nililolinyamazia

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiifikia katika kumbukumbu zangu natamani kuiruka nikumbuke nyingine, nayo hainiruhusu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilisimama katikati ya majlis, chumba cha wageni cha ami yangu kule Hail, Maskati, dalla, yaani buli la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, nikaulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa jina la mtu mmoja. Sikulitaja. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika, na kwa sababu sitaki ufike mwisho ukaniona nilikuwa mwema kuliko nilivyokuwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika mkahawa uliotazamana na Bandari ya Sultan Qaboos. Mwenye mkahawa, Bwana Hilal, alikuwa sahibu wa ami yangu, na kazi niliipata kwa ajili hiyo. Sikuwa na cheti. Baba yangu aliugua nikiwa sekondari, nikaacha skuli kumuuguza, na alipofariki Ami Khalfan alinichukua kwake na kunilea pamoja na wanawe. Watoto wake walisoma wakawa wahandisi na madaktari. Mimi nilisoma peke yangu, kitabu hiki na kile, kila nilichokipata, na kila nilichokisoma nilikiandika katika daftari. Wageni walipokuja nyumbani, Ami alitutambulisha mmoja mmoja: huyu mhandisi wa maji, huyu daktari wa macho. Akifika kwangu alisema, "Na huyu ni Seif," akaenda kwa mwingine. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na la kuongeza.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kaunta ya sushi. Huenda wewe umekua ukiila tangu utotoni, lakini siku zile Maskati ilikuwa bado kitu cha wageni: wali uliotiwa siki, samaki, na ule mwani mkavu mweusi unaozungushwa kwenye wali kwa mkeka mdogo wa mianzi, ikatoka roli ya kukatwa vipande. Tulikuwa wawili kwenye kaunta, mimi na Akinyi, Mkenya kutoka Kisumu, aliyenizidi miaka mitano na mkono wa kazi kwa mbali sana. Yeye alikata nguru vipande kumi na viwili, vyote sawa, huku anazungumza. Mimi nilikata nikiwa nimenyamaza, na bado vyangu vilitofautiana.

Saa za alasiri, baada ya wateja wa mchana kuondoka na kabla ya wale wa jioni, tulikuwa na nafasi ya kupumzika, nami nilikuwa namsomea kutoka kwenye daftari langu. Nilikuwa nimeshughulika kwa wiki nyingi na swali moja tu: nani aliyebuni roli ya California? Ndiyo ile inayojulikana kuliko zote, yenye wali nje na mwani ndani, na parachichi na kaa katikati. Nilisoma kila nilichokipata. Kuna wanaosema ilizaliwa Los Angeles, kwa mpishi aliyekosa samaki mwenye mafuta, akaona parachichi linayeyuka mdomoni vilevile. Kuna wanaosema ni Vancouver, huko Kanada, kwa mpishi aliyeona wateja wake wanaubandua mwani kama karatasi ya peremende, akaamua kuuficha ndani. Na hata huko Los Angeles kwenyewe wapo wapishi zaidi ya mmoja, kila mmoja na watu wake wa kumsemea. Hakuna hati ya siku hiyo. Yapo madai tu, na yote yametolewa baada ya roli kupata umaarufu.

Akinyi alinisikiliza akiwa amevua viatu, miguu juu ya kreti ya soda.

"Sasa hebu nikuulize, Seif," akasema. "Hiyo siku, jikoni, huyo mtu alikuwa peke yake?"

"Hawezi kuwa peke yake. Jiko lina watu."

"Basi hao watu walikuwa wapi? Wote walikatwa ulimi?"

Nikacheka. Nikamwambia nami nashangaa hivyohivyo, kwamba ni aibu mtu kuona kitu kinazaliwa mbele ya macho yake asiseme nani kakizaa. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa kinywa changu.

Sasa, wateja wetu wa Kiomani nao walikuwa na tabia ile ile ya kuubandua mwani. Na hata tulipowapa wali nje, walikula roli mbili kwa adabu wakaomba samaki wa kuchoma. Bwana Hilal alikuwa anafikiria kuifunga kaunta. Mkuu wetu wa kaunta alikuwa amekwisha kupata kazi Dubai na kuondoka, na Bwana Hilal alisema wazi mbele yetu sote: kaunta ikipata kitu cha kuwavuta watu wa mji huu, aliyekileta ndiye atakayekuwa mkuu wa kaunta. Isipopata, inafungwa. Kwangu mimi kufungwa kwake kulimaanisha kuhamishiwa mapokezi. Kwa Akinyi kulimaanisha kurudi kwao. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili, na bila cheo kile usingefanywa upya. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, bila kulalamika, huku anaosha mchele.

Siku moja asubuhi tulikwenda pamoja soko la samaki la Mutrah kuchagua nguru. Tulipokuwa tunatoka, Akinyi akasimama mbele ya gunia la dagaa wakavu, wale ambao Waomani wanawaita qashi. Akapiga kelele mpaka mwenye gunia akashtuka.

"Omena! Wacha! Kumbe mko na omena hapa na mmeninyamazia miaka mitatu?"

Nikamweleza kuwa hao ni chakula cha nyumbani tu, wanaliwa na wali, kitunguu na ndimu, na hakuna mtu anayekwenda mkahawani kula dagaa.

"Ndiyo maana hamna kitu cha kula mkahawani," akasema. "Nipe mfuko."

Alasiri hiyo aliwatoa vichwa na matumbo, akawakaanga bila mafuta mpaka wakakauka kabisa, akawasaga kwa mkono, si kwa mashine, ili wasiwe unga. Akatia pilipili na maganda ya ndimu yaliyokunwa. Akatengeneza roli ya wali nje, ndani nguru na parachichi na tango, akaiviringisha juu ya wale dagaa mpaka ikawa na rangi ya fedha iliyofifia. Akakata. Akanipa kipande cha kwanza.

Sitakueleza ladha. Nitakwambia tu kwamba nilimkumbuka bibi yangu, na bibi yangu hakuwahi kuijua sushi.

Nikafanya kazi yangu. Nikatoa mizani, nikamwomba atengeneze tena polepole, nikapima kila kitu: dagaa gramu kumi na mbili, pilipili gramu moja, wali gramu mia na ishirini. Nikaandika muda wa kukaanga. Nikaandika tarehe. Niliandika kila kitu katika ukurasa ule isipokuwa jina lake, kwa sababu mtu haandiki kile anachokijua. Ndivyo nilivyojiambia, na siku ile ilikuwa kweli.

Baada ya wiki moja watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya roli hiyo. Mzee mmoja alimwita Akinyi pale kaunta, akamuuliza kwa Kiarabu kama tumemwiba mama yake tukamficha jikoni. Bwana Hilal, ambaye wiki zile alikuwa safarini, aliporudi alikuta meza zimejaa. Akaionja, akasema hii ni ladha ya Sidab, kijiji cha mama yake, na toka siku hiyo ikaitwa roli ya Sidab. Angalia mambo yanavyokwenda. Jina lilikuwa la mapenzi tu, lakini lilimaliza nusu ya kazi. Nani ataamini kuwa kitu kinachoitwa Sidab kimetoka kwa mtu wa Kisumu?

Ikaja Ijumaa. Baada ya sala, kama kawaida yetu, ukoo ulikusanyika kwa Ami Khalfan kwa chakula cha mchana, na Bwana Hilal alikuwa mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo katika waliokuwepo, kwa hiyo kahawa ilikuwa juu yangu. Unaijua kazi hiyo: unasimama, unamimina kuanzia kulia, unangoja kila mtu atikise kikombe kuonyesha ametosheka, na muda wote huo huingii katika mazungumzo ya wakubwa. Ukiulizwa, unajibu kwa kifupi.

Bwana Hilal akasema, "Mimi nnatafuta mtu mmoja tu. Nnataka kumjua aliyeitoa ile roli. Kila nikiuliza jikoni naambiwa kaunta, kaunta. Kaunta ina mdomo?"

Watu wakacheka. Ami Khalfan akaweka kikombe chini.

"Unamtafuta nani na wewe umekaa naye?" akasema. "Si huyu anayekumiminia kahawa! Mimi daftari lake nimeliona kwa macho yangu, limeandikwa kila kitu, mpaka gramu. Huyu mtoto wa ndugu yangu mnamwona kimya hivi, ana akili kuliko nyote mliosoma."

Wakanigeukia wote. Yule mhandisi wa maji alinigeukia. Yule daktari wa macho aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia mlangoni. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka tisa, mwanangu, na sikumbuki siku nyingine ambayo Ami alikuwa na la kuongeza baada ya jina langu.

"Kweli, Seif?" akauliza Bwana Hilal. "Ni wewe?"

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Hilo tu. Unaliona neno hilo? Halina uongo ndani yake. Mtu anaweza kulisema kwa lolote. Na wote pale walilielewa kwa namna moja, nami nilijua watalielewa hivyo kabla halijanitoka. Nikaendelea kumimina. Sikumwaga hata tone, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi nikikumbuka.

Nilikuwa na sababu zangu, nilizipanga moja moja nikiwa bado nimeshika dalla. Kumkanusha mzee mbele ya mgeni wake ni kumvunja uso. Aliyeshika kahawa hasimami akahutubia. Kesho nitamwona Bwana Hilal peke yake, nitamweleza taratibu. Nilikuwa nimelelewa vizuri, na malezi yangu yote mazuri yalikuja kunisaidia kumnyang'anya mtu kilicho chake.

Kesho yake Bwana Hilal hakuja. Keshokutwa yake alikuja na barua ya cheo tayari imeandikwa, akanikabidhi mbele ya wafanyakazi wote, akanikumbatia. Akinyi alikuwa amesimama karibu na jokofu, kisu mkononi. Alinitazama akingoja niseme. Nilimwona akingoja. Kisha akageuka akaendelea kukata tango.

Alasiri hiyo alikuja mwenyewe nilipokuwa nimekaa.

"Seif. Wewe si ndiye mtu wa daftari?"

"Akinyi, nitarekebisha. Nipe siku mbili."

"Umeandika pilipili. Umeandika moto ulikuwa wa namna gani. Umeandika mpaka saa. Jina langu lina herufi ngapi, hadi wino ukakuishia?"

"Ilitokea mbele ya wazee. Huijui hali ya kwetu."

"Hata kwetu kuna wazee," akasema. "Na huwa wanakosea, na tunawaambia, na hawafi." Akavaa viatu vyake. "Mimi sikwambii umeniibia. Nakwambia useme, maana mimi nikisema wataangalia daftari lako. Uko na mdomo. Ni neno moja."

Siku mbili zikawa wiki. Nikangoja Ami atoke hospitali, maana aliugua kifua. Nikangoja mgeni mmoja mkubwa wa Bwana Hilal aondoke. Kila siku niliyongoja iliifanya ile inayofuata kuwa nzito, kwa sababu sasa nisingeeleza tu ukweli, ningeeleza na kwa nini nilinyamaza jana. Mkataba wa Akinyi ukaisha. Alipewa tiketi, akapewa na keki ya kuagana, na mimi, mkuu wa kaunta, ndiye niliyeikata. Aliikubali keki yake kwa mkono wa kulia, akasema asante, akaondoka.

Mwezi uliofuata nikaenda kwa Bwana Hilal nikamwambia yote. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nisije nikaacha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Khalfan alinambia una tabia hii," akasema. "Unawapa watu sifa zako. Baba yako alikuwa hivyohivyo, Mungu amrehemu. Nenda kazini, Seif."

Nikamwendea Ami. Akaniashiria nikae karibu yake. Kisha akasema, "Umenipa furaha moja maishani mwako. Usiichukue." Sikuichukua. Alikufa nayo, na kwenye maziko yake mtu wa tatu kunipa pole aliniambia marehemu alikuwa hachoki kuisimulia.

Miaka ikapita. Roli ya Sidab ukaijua wewe, ikajulikana kila upande wa mji, na mikahawa mingine ikaiweka kwenye orodha zao. Baadaye mkahawa mmoja wa upande wa pili wa mji ukadai mpishi wao ndiye aliyeanza. Vijana wakaandika kwenye simu zao, huyu akisema bandarini, yule akisema hapana. Nilipoyasoma nilihisi baridi, kwa sababu niliyajua maneno yale. Ilikuwa Los Angeles na Vancouver tena, na safari hii mimi nilikuwa yule mtu wa jikoni aliyekatwa ulimi.

Nikaandika maelezo. Kurasa sita, kwa tarehe na vipimo, jina la Akinyi katika mstari wa kwanza. Nikampelekea kijana aliyekuwa anakusanya habari za vyakula vya mji huu. Alikuwa na heshima sana, alikuja mpaka nyumbani. Akaomba kuuona ukurasa wa daftari. Nikamwonyesha. Akausoma, akainua macho.

"Lakini, mzee wangu, hapa jina lake halipo."

"Ndiyo ninalokueleza."

"Nimekuelewa. Ila mwandiko ni wako, tarehe yako, vipimo vyako." Akafunga daftari kwa adabu. "Tutaandika kuwa ziko kauli mbili, na kwamba wewe mwenyewe kwa unyenyekevu una kauli ya tatu."

Kauli ya tatu. Ndivyo ilivyotoka. Na chini yake watu wasionijua wakaniombea dua kwa unyenyekevu wangu. Kila nikikataa, sifa inaongezeka. Nimejaribu kwa njia zote ninazozijua, na mimi ni mtu wa kujaribu kwa utaratibu, na naona hakuna njia iliyobaki.

Niliamini imebaki moja: yeye mwenyewe. Kupitia mama mmoja Mkenya anayesali kanisa alilokuwa akisali Akinyi, nikapata nambari ya simu ya Kisumu. Nikapiga mwaka jana. Sauti yake nikaijua papo hapo, ingawa imekuwa nzito. Tukajuliana hali. Ana hoteli ndogo ya chai na maandazi karibu na stendi. Nikamwambia ninachotaka: aandike au azungumze, nami nimthibitishie mbele ya watu.

Akacheka kidogo. Akaniambia aliporudi aliwaeleza watu wa nyumbani kuwa Arabuni wanakula kitu alichokibuni yeye kwa omena. Wakamcheka. Baadaye watoto wa kaka yake walikiona kwenye simu, wakamwonyesha: tazama shangazi, wanasema ni cha mtu wa huko. Akaacha kusimulia.

"Lakini ni wewe, Akinyi," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuona."

Nilisikia sufuria zikigongana upande wa pili.

"Unajua, Seif, nimekumbuka hii kitu peke yangu miaka mingi," akasema. "Siku zingine naona ni kweli. Siku zingine naona labda tulifanya pamoja. Labda ulinionyesha wewe, sijui. Wewe ndiye ulikuwa unaandika." Akamwita mtu ampelekee mteja chai. Kisha akasema, bila uchungu wowote, na ningependa angekuwa nao: "Acha tu. Labda ni wewe."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mara tatu. Akasema ana wateja.

Basi hicho ndicho nilichofanya, mwanangu. Nilidhani nimechukua sifa, na sifa ni kitu unachoweza kurudisha. Kumbe nilichukua na kumbukumbu ya mtu juu ya mikono yake mwenyewe, na hiyo sijui inarudishwa vipi. Nimesoma sana. Sijaiona popote.

Ninachokuomba ni kidogo. Ukiona mtu anafanya kitu, na ukaulizwa nani kafanya, taja jina lake hapo hapo, katika kikao kile kile, mbele ya watu wale wale. Litaje hata kama umeshika kahawa. Litaje hata kama aliyekosea ni mzee wako na anakosea kwa kukupenda. Mwambie, "Samahani ami, ni fulani," umalizie kumimina. Atakunja uso, na uso uliokunjwa unakunjuka kabla ya magharibi. Na ukiandika, andika na lile unaloliona halina haja ya kuandikwa. Usijiwekee kesho. Ukweli ukisemwa leo ni ukweli, na mwezi ujao utakuwa kauli mojawapo, na utazunguka nao kama ninavyozunguka mimi, unaubembeleza kwa watu waupokee, nao wanakusifu kwa upole wako.

Mungu akupe ulimi usiongoja. Akuepushe na sifa isiyo yako, hasa ile inayokuja kutoka kwa unaowapenda. Akujaalie watu wa kukutaja jina siku usipokuwepo. Na akimjaalia Akinyi asubuhi moja aamke, akande maandazi yake, na akumbuke bila shaka yoyote kwamba ilikuwa ni yeye, mimi sitaomba jingine. Amin.